Vakita wa Ghuba ya California: Mnyama Anayeangamia kwa Wavu Uliotegewa Mwingine

Katika pembe ya kaskazini ya Ghuba ya California, nchini Mexico, anaishi mnyama wa baharini ambaye hapatikani mahali pengine popote duniani. Wavuvi wa huko humwita vaquita, neno la Kihispania lenye maana ya ng'ombe mdogo. Nasi katika makala haya tutamwita vakita. Ni wa ukoo mmoja na pomboo na nyangumi: anapumua kwa mapafu, ananyonyesha, na huzaa mtoto mmoja tu kwa wakati mmoja. Watafiti walipokwenda kumtafuta baharini mwaka 2024, walikadiria kwamba waliona vakita kati ya 6 na 8. Mwaka 2025 makadirio yalikuwa kati ya 7 na 10, na miongoni mwao walikuwemo watoto.

Ndugu msomaji, ni rahisi kudhani kwamba mnyama anayefikia hali hii ameandamwa na wawindaji, au ameshikwa na maradhi, au amekosa chakula. Vakita hakupatwa na lolote kati ya hayo. Hakuna anayemtaka kwa nyama yake wala kwa ngozi yake. Anakufa katika nyavu zilizotegewa viumbe wengine, na mvuvi anayemkuta humo hapati faida yoyote. Kwa sababu hiyo kisa chake kinatudai tufikiri juu ya madhara ambayo hakuna aliyeyakusudia, lakini ambayo kila mmoja anajua kwamba yatatokea.

Mnyama aliyejulikana kwa kuchelewa

Vakita ndiye mdogo kuliko wote katika jamii ya nyangumi na pomboo. Aliyekomaa ana urefu wa takribani mita moja na nusu na uzito wa kilo 50 hivi, na jike humzidi dume kwa urefu. Mgongo wake ni wa kijivu, tumbo ni jeupe, na macho yake yamezungukwa na duara jeusi, kana kwamba amepakwa wanja. Hupendelea maji yasiyo na kina kirefu, yenye tope, karibu na mahali ambapo Mto Colorado unaingia baharini, na hula samaki wadogo na ngisi. Huchomoza kupumua pasipo kishindo, kisha huzama tena, na huikwepa mashua yenye injini. Hata wavuvi waliozeeka katika maji hayo, wengi wao hawajawahi kumwona akiwa hai.

Sayansi nayo ilichelewa kumtambua. Mwaka 1950 mwanabiolojia Kenneth Norris aliokota fuvu la kichwa ufukweni, karibu na mji wa San Felipe. Miaka minane baadaye, yaani mwaka 1958, yeye na mwenzake William McFarland walitangaza rasmi kwamba hii ni spishi ya pekee, wakaipa jina la kitaalamu Phocoena sinus, ingawa walikuwa na mafuvu tu mikononi mwao. Ilibidi kusubiri hadi mwaka 1985 ndipo wataalamu walipopata miili mizima, wakaweza kueleza kwa usahihi sura na rangi ya mnyama huyu. Miili hiyo ilitoka katika nyavu za kuvulia samaki.

Namna jarife linavyoua

Wavu unaozungumziwa hapa ni ule ambao wavuvi wa mwambao wa Afrika Mashariki wanaufahamu kwa jina la jarife. Husimamishwa majini kama ukuta, ukiwa na maboya juu na vizito chini, na kuachwa hapo kwa saa nyingi. Samaki hupenyeza kichwa katika jicho la wavu, na anapojaribu kurudi nyuma hunaswa kwa matamvua yake. Nyuzi za nailoni ni nyembamba, na katika maji yenye tope hazionekani. Samaki aliyenaswa anaweza kuendelea kuishi kwa muda, kwa kuwa anapata hewa ndani ya maji. Vakita hana uwezo huo. Akizingirwa na wavu chini ya maji na kushindwa kuchomoza, huishiwa pumzi katika muda wa dakika chache.

Miji miwili ya wavuvi inayopakana zaidi na makazi ya vakita ni San Felipe, katika jimbo la Baja California, na El Golfo de Santa Clara, katika jimbo la Sonora. Kwa miaka mingi wavuvi wa huko, wakitumia boti ndogo za faiba, wametega majarife ya kukamatia kamba na samaki wa aina mbalimbali. Utafiti uliofanyika El Golfo de Santa Clara mwanzoni mwa miaka ya 1990 ulikadiria kwamba nyavu za mji huo peke yake ziliua vakita wapatao 39 kwa mwaka. Kwa mnyama ambaye jumla yake ilikuwa mamia machache tu, na ambaye jike lake huanza kuzaa akiwa na umri wa miaka mitatu hadi sita, idadi ya wanaozaliwa haikuweza kufidia ya wanaokufa.

Totoaba na biashara ya mabondo

Pamoja na uvuvi wa kawaida upo uvuvi wa magendo, na huo ndio ulioharakisha maangamizi. Katika ghuba hiyo hiyo anaishi samaki mkubwa aitwaye totoaba, anayeweza kufikia urefu wa mita mbili na uzito wa zaidi ya kilo 100. Kila mwaka, majira ya baridi yanapoelekea kwisha na katika majira ya kuchipua, samaki hawa hukusanyika karibu na mdomo wa Mto Colorado ili kutaga mayai. Kwa kuwa totoaba na vakita wanakaribiana kwa ukubwa wa mwili, jarife lenye macho mapana linalomfaa mmoja humnasa na mwingine.

Kinachotafutwa kwa totoaba si minofu, bali bondo, yaani kile kifuko cha hewa kilicho tumboni mwa samaki. Wasomaji wetu wa kandokando ya Ziwa Victoria hawahitaji maelezo marefu juu ya jambo hili, maana wanafahamu jinsi mabondo ya sangara yanavyonunuliwa na kusafirishwa hadi China. Bondo la totoaba huelekea huko huko, ambako huliwa katika supu, huthaminiwa kama dawa, na wengine huliweka kama akiba ya mali. Katika masoko ya magendo kilo moja imeuzwa kwa maelfu ya dola za Marekani. Kwa mvuvi maskini, usiku mmoja wa bahati unaweza kumletea fedha ambazo asingezipata kwa miezi mingi ya kuvua kamba.

Totoaba mwenyewe alikwisha kudhoofishwa kabla ya hapo. Mwaka 1942 zilivuliwa zaidi ya tani 2,000; kufikia mwaka 1975 mavuno yalikuwa yameshuka chini ya tani 60, na serikali ya Mexico ikapiga marufuku uvuvi wake. Biashara ya kimataifa ya samaki huyo nayo ilizuiwa kwa Mkataba wa CITES unaosimamia biashara ya viumbe walio hatarini. Hata hivyo, mahitaji ya mabondo nchini China yalipopanda tena katika miaka ya baada ya 2010, makundi ya wahalifu yaliingia katika biashara hiyo, na majarife yakarudi baharini wakati wa usiku.

Kumhesabu mnyama asiyeonekana

Kujua idadi ya vakita si kazi nyepesi. Mwaka 1997 watafiti waliizunguka ghuba kwa meli, wakapata makadirio ya wanyama wapatao 567. Mwaka 2008 makadirio yalikuwa 245 hivi, na mwaka 2015 takribani 60. Kadiri idadi ilivyopungua, ndivyo ilivyokuwa vigumu zaidi kuwaona kwa macho.

Hapo ndipo watafiti, akiwemo Armando Jaramillo-Legorreta wa Mexico, walipotegemea masikio ya mashine. Vakita, kama walivyo pomboo wengine, hujua njia na kutafuta chakula kwa kutoa milio mifupi na kusikiliza mwangwi wake. Milio hiyo ni nyembamba mno, ikiwa na mtetemo wa zaidi ya mara sita ya kikomo cha sikio la binadamu. Vyombo vya kunasa sauti viliwekwa katika vituo mbalimbali chini ya maji na kuachwa vikisikiliza mchana na usiku. Kwa kulinganisha milio ya mwaka mmoja na ya mwaka uliofuata, wataalamu waligundua kwamba kati ya mwaka 2011 na 2015 idadi ya vakita ilipungua kwa wastani wa asilimia 34 kila mwaka. Kufikia mwaka 2018 walikuwa wamebaki chini ya 20.

Watafiti walichunguza pia sababu nyingine zilizokuwa zikitajwa. Wapo waliosema kwamba mabwawa yaliyojengwa kwenye Mto Colorado upande wa Marekani yameinyima ghuba maji baridi na rutuba, na hivyo vakita anakufa njaa. Ni kweli kwamba mto huo umepoteza karibu maji yake yote kabla ya kufika baharini. Lakini vakita waliopatikana wakiwa wamekufa walikuwa wameshiba na wenye afya, na miongoni mwa majike walikuwemo wenye mimba. Vakita walioonekana wakiwa hai katika miaka ya karibuni nao walikuwa wanene.

Wengine walihofu kwamba kundi dogo namna hii, likizaana ndugu kwa ndugu, lazima lidhoofike na kutoweka. Mwaka 2022 Jacqueline Robinson na wenzake walichapisha katika jarida la Science uchunguzi wa vinasaba vya vakita 20, waliokusanywa kati ya mwaka 1985 na 2017. Waliona kwamba vakita wamekuwa wachache kwa mamia ya maelfu ya miaka, na katika muda huo mrefu kasoro nyingi za kurithi zilikwisha kuchujwa. Kwa hesabu zao, vifo vya nyavuni vikikoma kabisa, uwezekano wa vakita kutoweka katika miaka 50 ni asilimia 6 tu. Vifo vikipunguzwa kwa asilimia 90, uwezekano huo unapanda hadi asilimia 27. Na vikipunguzwa kwa asilimia 80, unafika asilimia 62. Kwa maneno mengine, vakita bado ana uwezo wa kupona, ila kwa idadi iliyobaki, hata nyavu chache zinatosha kumwondoa duniani.

Juhudi zilizofanyika

Haiwezi kusemwa kwamba hakuna aliyejali. Mwaka 1993 serikali ya Mexico ilitenga sehemu ya juu ya ghuba na delta ya Mto Colorado kuwa hifadhi, na mwaka 2005 ikaongeza eneo la pekee la kumlinda vakita. Mwezi Aprili 2015 ilitangazwa marufuku ya majarife kwa miaka miwili katika makazi ya vakita, na mwaka 2017 marufuku hiyo ikafanywa ya kudumu. Vyombo vya shirika la Sea Shepherd, kwa kushirikiana na jeshi la wanamaji, vimekuwa vikiopoa nyavu za magendo na zile zilizotelekezwa baharini, ambazo huendelea kuua hata pasipo mwenyewe.

Mwishoni mwa mwaka 2017 lilifanyika jaribio la mwisho la namna yake. Wataalamu kutoka nchi mbalimbali walikusudia kuwakamata vakita kadhaa na kuwatunza mahali salama mpaka bahari itakaposafishwa nyavu. Walimkamata mtoto wa kike, wakaona dalili za mfadhaiko, wakamwachia huru. Kisha wakamkamata jike mzima. Huyo naye akafadhaika, na ingawa madaktari wa wanyama walipambana kuokoa maisha yake, alikufa. Kazi hiyo ikasitishwa. Tangu hapo ilieleweka kwamba vakita hawezi kuokolewa nje ya bahari yake.

Mwaka 2022 jeshi la wanamaji lilizamisha vitalu vya zege 193 katika eneo la kilomita za mraba 225 ambamo hakuna uvuvi wowote unaoruhusiwa. Kila kitalu kina kulabu ndefu za chuma zinazonasa jarife lolote litakaloshushwa hapo. Mvuvi anayejua kwamba atapoteza wavu wake wa gharama huenda kwingine, na uvuvi wa majarife ndani ya eneo hilo umepungua sana. Tatizo ni kwamba vakita hawajui mipaka iliyochorwa kwenye ramani. Wakitoka nje ya eneo lenye vitalu, hukutana tena na nyavu. Mwezi Agosti 2023 Tume ya Kimataifa ya Nyangumi ilitoa tahadhari ya kutoweka kwa ajili ya vakita, ikiwa ni mara ya kwanza katika historia yake kutoa tahadhari ya namna hiyo.

Mvuvi naye anahitaji kuishi

Kwa nini basi sheria ya zaidi ya miaka kumi haijatosha? Wavuvi wa San Felipe na El Golfo de Santa Clara hawana mashamba ya kulima, kwa maana pwani yao ni jangwa. Marufuku ya mwaka 2015 iliambatana na fidia, lakini fedha hizo zilikwenda zaidi kwa wenye leseni kuliko kwa vibarua wanaovuta nyavu, na baada ya miaka michache malipo yakakoma. Zana mbadala za kuvulia kamba, kama vile nyavu ndogo za kukokota, zimejaribiwa na kuonekana kwamba zinawezekana, lakini huleta kamba wachache kwa gharama kubwa zaidi ya mafuta, nazo hazikusambazwa kwa kasi iliyotakiwa. Mtu aliyeambiwa aache jarife bila kupewa chombo kingine mkononi, na watoto wake wanasubiri chakula, atarudi kwenye jarife. Na yule aliyekuwa akivua kwa halali, akikatazwa bila njia mbadala, huwa mawindo mepesi ya wafanyabiashara wa mabondo.

Mafundisho ya Kanisa kuhusu uhuru na uwajibikaji wa mwanadamu yanatusaidia kulitazama suala hili kwa haki. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, katika namba 1737, inaeleza kwamba tokeo baya ambalo mtu hakulikusudia linaweza kuhesabiwa juu yake ikiwa lingeweza kutazamiwa na ikiwa alikuwa na uwezo wa kuliepuka. Kifo cha vakita kinatimiza sharti la kwanza bila shaka: kila anayetega jarife katika maji yale anajua linachoweza kufanya. Sharti la pili ndilo linalopanua duara la wahusika. Je, kibarua wa boti asiye na ajira nyingine ana uwezo kiasi gani wa kuepuka? Na pale uwezo wake unapokuwa mdogo, wajibu hauyeyuki. Unahamia kwa wale wenye uwezo mkubwa zaidi: serikali inayotunga sheria bila kuigharimia, mfanyabiashara anayenunua bondo, mlaji anayelitaka mezani, na nchi tajiri zilizonunua kamba wa ghuba hiyo kwa miongo mingi bila kuuliza walivuliwaje.

Baba Mtakatifu Francisko alichapisha Waraka wake "Laudato si'" mwezi Juni 2015, miezi miwili tu baada ya marufuku ile ya majarife kutangazwa. Humo alizungumzia kupotea kwa spishi za viumbe na uvuvi unaokusanya kila kitu kisha kutupa sehemu kubwa ya kilichokusanywa, na akasisitiza kwamba hali ya mazingira na hali ya maskini haviwezi kushughulikiwa kimoja bila kingine. Katika Ghuba ya California kauli hiyo si nadharia. Kila mpango uliomjali mnyama na kumsahau mvuvi umekwama, na wavuvi walioachwa waendelee kama zamani wamebaki na bahari maskini zaidi.

Jambo hili halipo mbali na mwambao wetu. Nguva, ambaye naye ni mnyama anayenyonyesha na kupumua kwa mapafu, amebaki kwa uchache sana katika maji ya Rufiji, Mafia na Kilwa, na adui yake mkubwa ni jarife lile lile. Huko Tanga, tangu mwaka 2003, majarife ya papa yaliyoshushwa kwenye kina kirefu yamekuwa yakinasa silikanti, samaki wa kale ambaye zamani wataalamu walidhani ametoweka mamilioni ya miaka iliyopita. Na mwaka 2009 serikali ya Tanzania ilianzisha hifadhi ya bahari kwa ajili yake. Nguva na silikanti hawajafikia hali ya vakita. Bado upo muda wa kukaa na wavuvi, kuwasikiliza, na kukubaliana nao juu ya aina ya nyavu, mahali pa kutega na msaada watakaohitaji, kabla hesabu haijafika kwenye vidole vya mikono.

Kwa upande wa vakita, kinachohitajika kinajulikana: maji yasiyo na majarife katika eneo lote analotembelea, zana mbadala mikononi mwa wavuvi pamoja na kipato cha kuwavusha kipindi cha mpito, na udhibiti wa biashara ya mabondo kuanzia ghuba hadi sokoni. Majike waliobaki wanaendelea kuzaa. Watoto walioonekana mwaka 2025, kama hawatakutana na wavu, huenda nao wakawa na watoto wao kabla ya miaka sita kwisha.